Kapteni Aliyetaka Mwenye Ndege Apande

Mimi nimewahi kuwa utingo wa ndege. Ukitaka kucheka, cheka kabisa sasa hivi, maana mbele hakuna nafasi. Shule niliitoroka kabla sijajua herufi zinatazama upande gani, nikadandia lori, na lori ndilo likanilea mpaka nikaota ndevu. Tajiri wangu alikuwa na malori matatu, yanabeba mahindi ya Kibaigwa, mbuzi wa kila mtu na chumvi. Hapo nilikuwa utingo halali, wa kufungua turubai na kuweka vigingi kwenye magurudumu.

Halafu ikaja ile miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa hayana hata sabuni yakaanza kuuza mpaka miwani ya kuogelea, hapa hapa Dodoma ambapo maji ya kunawa uso unayasubiri foleni. Tajiri akasikia kwamba siku hizi hata ndege mtu binafsi anaruhusiwa kufanyia biashara. Hakulala. Aliuza lori moja, akaungana na kaka yake, wakaleta ndege. Ilikuwa ndogo, injini mbili, imepakwa rangi juu ya rangi mara nyingi mpaka mie naamini bati lenyewe lilishaisha zamani, tulikuwa tunaruka na rangi tupu.

Kwa tajiri ile ndege ilikuwa lori lenye mabawa. Lori lina dereva, fundi na utingo, basi na ndege iwe hivyo hivyo. Dereva akamtafuta, fundi akampata, utingo akanihamisha mimi. Kazi yangu ilikuwa kupakia, kuweka vigingi, kufukuza ng'ombe wa watu uwanjani, na kuwachemshia chai marubani waliokuja kuomba kazi.

Nilidhani wanaomba. Kumbe wanachagua.

Rubani wetu wa kwanza alikuwa ameshaondoka, kisa redio. Tajiri alikuwa anakaa ofisini na redio ya kuongea na ndege, anamwelekeza rubani aliye juu. Siku moja jamaa akasema mbele kuna mawingu mabaya, anarudi. Tajiri akamwambia apite katikati, kwani hayo mawingu yana mawe ndani? Yule alirudi, akashuka, akaweka kofia mezani, akaenda zake. Fundi aliniambia marubani wana simu yao ya midomo. Kabla hajauliza mshahara, rubani anauliza wenzake: pale ukisema leo hairuki, mwenye ndege anasemaje? Sisi jibu letu lilikuwa limeshafika mpaka Mwanza.

Wakawa wanakuja na kuondoka. Mmoja alichuchumaa akatazama tairi muda mrefu kama anaagana na maiti, akanywa chai, akanishukuru kwa chai. Mwingine aliuliza nyumba, shule ya watoto na hospitali, tajiri akakubali vyote, jamaa hakurudi. Mie nikaanza kuona vibaya. Ndege bila rubani ni banda la kuku tu, na mtu wa kwanza kufukuzwa ni utingo.

Ndipo akaja kapteni.

Alikuwa mtu mzima, mvi mpaka kwenye masikio, shati limepigwa pasi mpaka inzi akitua kwenye ule mkunjo anakatika vipande viwili. Alikuwa ametoka shirika la umma ambalo ndege zake zilikuwa zinapungua kama meno ya mzee, na alishakaa nyumbani muda mrefu. Leseni yao, fundi alinieleza, ukikaa bila kuruka inalala, na kuiamsha ni kazi. Mkewe alikuwa karani wa serikali mjini, asingeweza kuhama. Kwa hiyo kapteni alitaka kazi ya Dodoma, tena upesi. Uwanjani pale walikuwepo wawili tu wanaomtaka: sisi, na kampuni ndogo ya jirani iliyobeba madaktari na dawa. Ya jirani mshahara wake ulikuwa wa kuonea huruma. Wetu ulikuwa mnono.

Alizunguka ndege, akazungumza na fundi pembeni, akanywa chai yote, kisha akamwambia tajiri maneno ambayo sijawahi kusikia mtu akimwambia mwenye mali. Alisema yuko tayari kuanza, ila karatasi atasaini wakirudi safari ya kwanza, na safari hiyo mwenye ndege awe amekaa naye kiti cha mbele.

Tajiri akacheka. Nikaona kicheko kimefika nusu ya mdomo kikasimama. Maana mimi nilijua siri ambayo mji mzima haukuijua: tajiri alikuwa hajawahi kuipanda ndege yake. Akienda Dar es Salaam alikuwa anaondoka na lori alfajiri, anasema anataka kukagua barabara.

Alipoingia ndani kupiga simu nikamuuliza kapteni kwa nini anataka hivyo.

"Mshahara nimeshauona kwenye karatasi," alisema. "Mwenye ndege ataonekana mawinguni."

Tajiri alipotoka alikubali, kwa aibu ya kukataa mbele ya watu. Halafu akaninyooshea kidole. Akasema kama yeye anapanda, na utingo wake anapanda.

Sasa hapo nami nitoe siri yangu. Utingo wa ndege, mwenye fulana na beji, mimi pia nilikuwa sijawahi kuruka. Kazi yangu ilikuwa chini. Jioni ile nilikwenda Chamwino kumwamkia mama. Shikamoo nilimpa mara tatu, akaniuliza naumwa nini. Nikamwachia mdogo wangu redio yangu na godoro. Aliniuliza kama nahama. Nikamwambia bado sijajua nahamia wapi.

Ilikuwa msimu wa zabibu, na msimu wa zabibu hapa kwetu ndio msimu wa mvua. Mzigo wenyewe ulikuwa makasha ya zabibu za hoteli moja ya pwani, zinatakiwa siku hiyo hiyo kabla hazijanywea. Viti vya nyuma tulikuwa tumeving'oa, kikabaki kimoja, nikajifunga hapo na makasha yananikaba ubavu. Mbele kapteni kushoto, tajiri kulia, jasho linamtiririka kabla injini haijawaka. Kapteni akamwambia taratibu mikono iwe magotini, asiguse kitu. Tajiri akaitikia kwa kichwa kama mtoto anayepigwa sindano.

Tukaruka. Nikatazama chini mara moja, nikaona reli nyembamba kama uzi wa kushonea, nikafumba macho nikawa nasali dini zote, maana sikujua zamu ya angani ni ya nani.

Nilifumbua karibu na Gulwe, kwa sababu kapteni alikuwa ameacha kuongea. Mbele yetu, upande wa milima, kulikuwa na wingu limesimama kutoka ardhini mpaka kwa Mungu. Jeusi, na ndani linawaka waka kama jiko linalopulizwa. Kapteni akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai kwamba hatupiti hapo, tunakata kushoto, tutatua Kongwa tungoje. Nikamtazama tajiri nione kama atasema mteja anasubiri. Hakusema.

Tulipokuwa tunageuka, ukingo wa lile wingu ukatukamata. Ndege ilianguka. Sisemi iliyumba, ilianguka, kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Kasha la zabibu likaruka likagonga dari, mvua ikapiga kioo kama changarawe. Kapteni akasukuma mbele vile vishikio viwili vya kuongeza moto wa injini, ambavyo ni kama pedeli ya mafuta ya lori ila unavisukuma kwa mkono. Injini zikalia kwa nguvu, nikahisi tunaanza kuinuka.

Na hapo tajiri akaukamata mkono wa kapteni akauvuta nyuma.

Injini zikanyamaza. Hazikuzima, ila zile sauti zilishuka mpaka nikasikia kila kitu: mvua, makasha, meno yangu. Namwelewa, na ndiyo maana niliogopa zaidi. Lori likianza kuteleza kwenye mteremko unafanya nini? Unapunguza moto. Miaka ishirini ya kuendesha malori ilikuwa imeufundisha mwili wake hivyo, na sasa mwili huo ulikuwa unatuua.

"Toa mkono," kapteni alisema.

Tajiri hakutoa. Sidhani alisikia. Kapteni alikuwa na mkono mmoja kwenye usukani, hawezi kuuachia, na ule mwingine umebanwa. Mbele ya kioo niliona kijani. Kijani hicho kilikuwa miti.

"Utingo," kapteni akasema, bila kugeuka. "Fungua mkanda. Mtoe vidole."

Nimewahi kuchimba lori lililozama mpaka ekseli kwenye tope la Kongwa. Lile lilitoka kirahisi kuliko vidole vya tajiri. Nilikwenda kwa magoti juu ya zabibu zilizomwagika, zinapasuka chini yangu, nikaanza na kidole gumba, kisha cha pili. Nikitoa kimoja kingine kinarudi. Tajiri ananitazama machoni wala hanijui. Cha mwisho nilikitoa kwa meno, Mungu anisamehe, nikamkumbatia mikono yote miwili kwa nyuma ya kiti, nikaibana kama mtu anayembeba mbuzi. Injini zikalia tena. Miti ikashuka, ikawa vichaka, ikawa nyasi, ikapotea. Nilimkumbatia hivyo hivyo mpaka Kongwa.

Tulitua kwenye uwanja wa zamani, wa enzi za wazungu waliokuja kulima karanga, ng'ombe wakatupisha bila kufukuzwa. Inawezekana walituona nyuso. Tajiri alishuka, akakaa chini kwenye majani mabichi, akatapika, akanawa kwa maji ya mvua. Kisha akamfuata kapteni, na sijawahi kumsikia akiongea vile. Akasema, ndugu yangu, tangu leo ukisema hairuki, hairuki. Redio ataitoa ofisini. Mshahara utaje mwenyewe. Nilikuwa karibu kulia kwa furaha, maana niliona kazi yangu imepona.

Kapteni akamjibu kwa heshima kwamba wingu likipita atairudisha ndege Dodoma, maana aliipokea nzima. Ila yeye tajiri arudi kwa gari. Tajiri hakubishana hata kidogo, akaondoka kwa miguu kutafuta lori, akaniamuru nirudi na zabibu zake. Zabibu zenyewe nusu zilikuwa kwenye suruali yangu.

Tukabaki wawili chini ya bawa, tunakula mzigo wa hoteli. Nikamuuliza kama sasa atasaini.

"Hapana."

Nikamwambia tajiri amebadilika, nimemwona kwa macho yangu, yule si mtu wa kuapa ovyo.

"Namwamini," alisema. "Hata redio ataitoa. Wala sina ugomvi na mtu anayeogopa, hata mimi niliogopa."

Hilo heri asingeniambia, maana bado tulikuwa na safari ya kurudi.

"Sasa tatizo liko wapi, kapteni?"

Akatema kokwa. "Yule akiogopa anapunguza. Umeona. Leo kaogopa kuanguka, kapunguza moto. Kesho ataogopa hasara. Atapunguza nini? Tairi? Vipuri? Mafuta? Mimi nitakuwa juu, na wewe hutakuwepo kumtoa vidole."

Nikamwambia jirani wanalipa kidogo. Akasema anajua, na mkewe pia anajua, na usiku huo watagombana.

Tuliporuka tena alinikalisha mbele, kile kiti cha tajiri. Nilikalia mikono yangu. Makalio yote mawili juu ya viganja viwili, kutoka Kongwa mpaka Dodoma, mpaka vikafa ganzi nikawa sijui kama bado ni vyangu. Anga lilikuwa jeupe, ndege imetulia, na niliogopa kuliko asubuhi. Asubuhi sikujua ni rahisi kiasi gani mkono kumponyoka mwenyewe.

Alipozima injini alimkabidhi fundi funguo, akamweleza kila kitu alichokisikia kwenye injini ya kulia, akaninunulia soda. Halafu akachukua begi lake akavuka uwanja kwenda kile kibanda cha jirani. Nilimwona akibisha hodi.

Tajiri alifika jioni juu ya mzigo wa mahindi, mwekundu kwa matope. Swali lake la kwanza halikuwa zabibu.

"Amesaini?"

"Hapana, tajiri."

"Mshahara?"

"Hapana. Kaenda kwa jirani."

Akakaa kwenye benchi langu la chai. Nilitamani fundi awepo amwambie yeye, lakini fundi alikuwa ameona upepo akapotea. Nikasema.

"Anasema ni ule mkono, tajiri. Ulivyomshika mkono kule juu."

Akanitazama, si kwa hasira. Hasira ningeijua.

"Nani alimshika mkono?"

Nilidhani ananitania. Nikaangalia kidole chake kidogo, kilikuwa na alama za meno yangu, kimevimba kama nyanya. Akafuata macho yangu mpaka hapo. Akaiweka mikono yote miwili mezani, karibu na birika, akawa anaitazama kama vibarua wawili ambao hakumbuki kuwaajiri.