Karamu ya Kijani ya Kabiria

Jirani yangu wa Kabiria amefariki, na habari zake zilinikuta Parklands, ndani ya duka la vitambaa, nikipimiwa kitambaa cha kijani. Mume wangu ndiye aliyenipigia simu. Alisema mama wa watu alianguka jikoni asubuhi, chai haijachemka, na hakuamka tena. Muuzaji aliniuliza akate au asikate, nikamwambia kata. Msomaji wangu, usinionee huruma mapema: kitambaa kile nilikuwa nakinunua ili nimshinde marehemu. Nilikuwa nimepania kuandaa karamu siku ileile ya karamu yake ya kila mwaka, nione watu watapita mlango upi.

Kila Machi, siku ya mtakatifu wa Waayalandi ilipofika, mama huyu mzaliwa wa Ukambani, ambaye hakuwahi hata kupanda ndege, aliigeuza nyumba yake kuwa Ayalandi. Mapazia ya kijani, rangi ya Waayalandi, juisi ya parachichi kwenye jagi, mkate usiotiwa hamira, na viazi vilivyopondwa pamoja na kabichi za Mutuini. Majirani zetu Wakikuyu walionja wakatazamana. "Lakini hii si ni mukimo tu?" mmoja aliuliza. "Ni mukimo ya Ayalandi," akajibiwa, "kula." Akala, akaongeza. Mimi karamu yangu ni ya Krismasi. Nakodi hema, viti vyenye vitambaa vyeupe, wapishi wenye kofia. Wageni hula, hupiga picha, hunishukuru sana na kuondoka. Kwake walikaa mpaka watoto wakalala kwenye makochi. Wanangu mwenyewe walianza kuulizia Machi kabla Januari haijaisha. Nikisema nilimwonea wivu nitakuwa nimepunguza. Jambo lile liliniwasha.

Kilichonikera zaidi ni mapokezi yake. Sisi mgeni tunamketisha, tunamnawisha mikono, tunamwekea soda. Yeye alikupokea getini na kisu. "Karibu sana mama, shika hii kisu. Viazi haziwezi jimenya." Na watu waliovaa vizuri, makarani na watumishi wa serikali, waliinama juu ya beseni wakicheka. Ramadhani ilipoangukia Machi, mlo ulingoja magharibi ili mama mmoja wa Mombasa, ambaye mumewe ana duka mjini, afuturu nasi. Naye alimenya viazi na saumu yake, mdomo haufungi kwa hadithi. Siku moja nilimvuta mwenyeji kando nikamuuliza haoni haya kufanyisha wageni kazi. Alicheka. Alisema alisomeshwa na masista wa Kiayalandi, na sikukuu hiyo tu masista waliwaita wasichana jikoni kwao, wote wakamenya viazi kwenye beseni moja. "Hizo siku zingine tulikuwa tunawaogopa," aliniambia. "Hiyo moja tulikuwa tunapiga stori." Mimi moyoni nikasema, hiki ni kisingizio cha mtu asiyetaka kukodi mpishi.

Tulimzika kwao. Tuliporudi niliwatangazia majirani kwamba mwaka huu karamu itakuwa kwangu. Nilisema ni kwa heshima yake, na hilo lilikuwa kweli kiasi. Kweli zaidi ni kwamba sasa mlango ulikuwa mmoja tu. Siku ilipofika nilivaa gauni la kitambaa cha Parklands; hema langu lilikuwa la kijani, wapishi wangu walikuwa na kofia za kijani, na vyakula vilikuwa vikifuka moshi mezani. Walikuja wote. Wakaketi vitini, wakanisifu. Mmoja akatoa simu, mwingine akaanza kutafuta funguo za gari. Ndipo yule mama wa Mombasa akafungua mkoba wake, akatoa kisu kilichofungwa kwa kipande cha leso. "Mie nimekuja na kisu changu, mwenzangu. Viazi viwapi?"

Mikoba ikafunguka. Karibu kila mmoja alikuwa amekuja na kisu, maana vya marehemu vilikuwa vimefungiwa nyumbani kwake na walidhani mimi sitakuwa navyo vya kutosha. "Kwani mmeshapika zote?" aliuliza jirani mmoja, uso umemshuka. "Sasa sisi tufanye nini?" Nilitaka kulia kwa hasira. Pilau ya watu waliosomea upishi ilikuwa inapoa, na wageni wangu walidai viazi vibichi! Nilipogeuka kumtafuta mume wangu, alikuwa ameshatoka mbio kwenda kwa mama mboga kununua viazi, bila hata kuniuliza.

Wakamenya barazani kwangu, kwenye karai langu la kufulia, na sauti zikapanda. Wakamsimulia marehemu, wakamwigiza anavyokabidhi kisu getini, wakacheka, wawili watatu wakafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Kisha mtu akasema, "Leo hapa ni kama kwake tu." Sifa niliyoitafuta miaka yote ilifika barazani kwangu ikiwa ni ya mwingine. Nikashika kisu nikamenya kwa ghadhabu mpaka mama wa Mombasa akanigusa mkono. "Taratibu, mwenzangu, kiazi chote chaenda na maganda."

Jiji letu linakodi kila kitu siku hizi: hema, viti, wapishi, hata mtu wa kuwachekesha wageni. Tunamtumikia mgeni mpaka hana la kufanya ila kuondoka, halafu tunashangaa mbona watu hawakai. Mama yule aliwapa watu kazi, nao wakajiona wa nyumbani. Hilo nimejifunza kwake, na inaniuma kwamba ni kwake. Bado namwonea wivu, hata huko aliko. Mwakani, Mungu akipenda, nitanunua viazi mapema. Nawe msomaji, ukipita Kabiria siku hiyo, karibu kwangu. Kisu njoo nacho.