Oyugi Achagua Mashine ya Ngoma

Joash Oyugi alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, upande wa Kericho, mama yake akiwa mchumaji aliyehamia huko kutoka kando ya ziwa. Kwa miaka ishirini na minne alihudumia mashine za kukata na kusokota majani kiwandani. Alipostaafishwa, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, alikodi chumba kimoja katika soko la Sosiot, akazifunika kuta zake kwa magunia na magodoro yaliyochakaa, akaanza kuwatengenezea waimbaji midundo. Hakuwa mgeni katika kazi hiyo. Tangu ujana wake alikuwa mpiga ngoma wa kwaya ya kanisa la shambani, na mkono wake wa kushoto ulisifiwa hadi Chepilat.

Kompyuta aliyoitumia ilikufa mwezi wa Aprili, baada ya stima kukatika na kurudi mara tatu katika asubuhi moja. Fundi aliifungua, akaitazama kwa muda, akaifunga. Oyugi hakusikitika sana, kwa kuwa hakupata kuipenda. Kupanga ngoma kwa kubofyabofya picha kulimchosha kuliko kuipiga. Alitaka mashine ya ngoma yenyewe, kile chombo cha kukaa mezani, chenye sauti za ngoma ndani yake na vitufe vya kuguswa kwa vidole, ambacho stima ikikatika huendelea kwa betri. Uwezo wake ulikuwa wa kununua kimoja tu.

Lakini lililomkosesha raha halikuwa kompyuta. Chepchumba, mwimbaji wa Merigi anayetafutwa sana katika sherehe za koito, pale wazazi wa pande mbili wanapokubaliana mahari, alikuwa amezikataa nyimbo alizorekodiwa na Oyugi.

"Mzee Oyugi, samahani, lakini hizi nyimbo zinachoma," alimwambia. "Matoazi yanalia tsss, tsss, kama mtu anakaangia vitunguu ndani ya sikio langu. Kuna mama huko Merigi ameniomba nizime spika. Mbwa wake ametoroka."

"Mbwa wa Merigi hawajui muziki."

"Na wenye mbwa je?"

Hakuwa akimchokoza tu. Alimpa hadi mwisho wa mwezi: mashine mpya na nyimbo zilizorudiwa, ama yeye angeipeleka kazi yake kwa vijana wanaorekodi Litein. Oyugi alifahamu maana ya hayo. Waimbaji wengine walikuja Sosiot kwa kumfuata Chepchumba, naye akiondoka, chumba kile kingefungwa. Wawili wengine walikwisha kulalamika hivyo hivyo kabla yake, na kila mara Oyugi alikuwa ameilaumu kompyuta. Sasa kompyuta haikuwapo kulaumiwa.

Siku ya Alhamisi walipanda ngazi za duka la Mokaya mjini Kericho, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbolea. Mokaya alikuwa mfanyabiashara kutoka nyanda za juu za Kisii, muuzaji wa magitaa, spika na vinanda. Oyugi alikuja na mkewe Dorine, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika chumba cha kuchambulia chai, na ambaye alidai amekuja kushika upande wa pili wa boksi. Chepchumba naye alikuja kusikia kwa masikio yake mwenyewe.

"Watu wa samaki wamefika!" Mokaya aliwapokea. "Leo tunafanya biashara ama mnakuja kunusa tu?"

"Na wewe ndizi zako ziliiva?" Dorine akamjibu. "Toa mashine, bwana. Miguu inaniuma."

Mokaya aliweka mashine tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa na vibao vya mpira vya kupigwa kwa vidole. Oyugi aliijaribu, na mara moja mkono wake wa kushoto ukazungumza hata Chepchumba akatikisa mabega. Lakini Mokaya, kwa uaminifu, alieleza kwamba mashine ile haihifadhi mdundo wowote bila kompyuta. Ikawekwa kando.

Ya pili ilikuwa ya chuma, yenye vitufe kumi na sita vilivyopangwa mstari mmoja. Mtu huchagua vitufe vitakavyolia, kisha taa ndogo hukimbia kutoka kitufe hadi kitufe, na ngoma hulia kila inapopita. Oyugi aliipanga kwa dakika tano. Uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

"Hii," akasema. "Hii inasema kila kitu. Hakuna kilichojificha."

Chepchumba alikuwa ameziba sikio moja kwa kidole.

"Mzee, hiyo ndiyo ile ile. Vitunguu."

"Jaribu hii basi," Mokaya akaingilia, akaisogeza ya tatu, ya rangi ya kahawia, nayo ilikuwa na mstari wa vitufe kama ile ya pili, ila kila sauti ilikuwa na kitufe chake cha kuzungusha, cha kuipandisha au kuishusha peke yake. Mokaya aliupanga mdundo, ngoma kubwa, ngoma ndogo, matoazi, kisha akazinyamazisha sauti zote na kubakiza moja. "Sikiza hii ikiwa peke yake. Ndiyo inauza hii mashine."

Oyugi alingoja. Taa ilikuwa ikikimbia kutoka kitufe hadi kitufe.

"Washa basi," akasema.

"Imewaka."

"Umewasha ipi? Mimi nangoja matoazi."

Chepchumba alimtazama Dorine, na Dorine akaitazama sakafu.

"Ni matoazi hiyo, mzee wangu," Mokaya akasema, utani wote umemtoka. "Yanalia tangu saa ile."

Oyugi aliinama akaliweka sikio lake karibu na spika, akaligeuza la pili, kisha akaweka kiganja juu ya kitambaa cha spika kama mtu anayepima homa. Alipoinuka hakumtazama Mokaya wala Chepchumba.

"Umejua tangu lini?" akamuuliza mkewe.

"Tangu mwaka juzi. Uliposema nyenje wameisha Sosiot kwa sababu ya dawa ya kupuliza. Baba Akello, nyenje hawajaisha. Wanatupigia kelele kila jioni."

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia. Mara mbili. Hukusikia, nikachoka."

Alikaa juu ya boksi la spika. Kiwandani walipewa vizibo vya masikio, naye alivitia mfukoni kila zamu, kwa maana mtu mwenye masikio wazi aliweza kutambua meno ya mashine yanapoanza kuwa butu, kabla majani hayajaharibika. Alisifiwa kwa ujuzi huo. Vijana waliletwa wasimame karibu naye wajifunze, nao pia, kwa kumwiga, wakatia vizibo mfukoni. Hayo aliyakumbuka pale.

Ile ya pili, alielewa sasa, aliipenda kwa kuwa ilimpigia kelele. Alisikia kila kitu chake kwa sababu ilikuwa kali kiasi cha kuwaumiza wengine. Akiichukua hiyo, angejisikia mzima, na Chepchumba angekwenda Litein. Akiichukua ya tatu, angekuwa amenunua chombo ambacho sehemu ya sauti yake hataisikia hadi kufa. Na ilikuwapo njia ya tatu, ya kushuka ngazi mikono mitupu na kutafuta kazi ya kulinda duka.

"Nenda tu Litein, mama," akamwambia Chepchumba. "Huko kuna vijana. Masikio yao ni mapya."

"Masikio yapo mengi, mzee. Hata Mokaya anayo, na hajui kupiga ngoma. Mimi nilifuata huo mkono wako wa kushoto. Inuka."

"Nani hajui?" Mokaya akalalamika. "Mimi nilipiga kayamba shuleni."

Hakuna aliyemcheka. Dorine alizunguka meza akasimama mbele ya mumewe, akauinua mkono wake wa kulia. Katika kiwanda cha chai mtu haongei kwa kinywa kwa sababu ya kishindo. Watu huongea kwa mikono, na mkono uliofunguliwa, ukishushwa polepole, maana yake ni punguza majani. Oyugi aliuona, akasimama. Mokaya akazirudisha sauti zote. Akakishika kile kitufe cha matoazi, akakizungusha. Mkono wa Dorine uliendelea kushuka. Akazungusha tena. Ukapanda kidogo, akarudisha. Chepchumba alianza kuimba kwa sauti ya chini, bila maneno, akiuweka wimbo wake juu ya mdundo ule. Kisha Dorine akafumba ngumi: simamisha.

"Hapo," Chepchumba akasema. "Usiguse tena."

Kwa Oyugi hapakuwa na tofauti yoyote. Aliisikia ngoma kubwa, aliisikia ndogo, na kati ya hizo mbili palikuwa na nafasi tupu na taa inayopita. Akaupanga mdundo upya kwa namna yake, kwa mkono wake wa kushoto, akiweka matoazi mahali ambapo hesabu ilimwambia yawepo. Alimtazama Chepchumba usoni. Hakukunja uso.

"Funga hiyo," akamwambia Mokaya.

Walishuka ngazi polepole, mume na mke wakishika boksi huku na huku, ijapokuwa lilikuwa jepesi. Mlangoni mwa duka la mbolea Chepchumba aliwauliza wote wawili kama kesho saa tatu asubuhi ingefaa kurekodi.

"Kesho nachumia jirani yetu Monicah majani," Dorine akasema. "Nimeshaahidi."

"Jumamosi?"

"Jumamosi ni kufua."

Oyugi alilishika boksi kwa mikono yote miwili akangoja, na hakumwomba mkewe. Dorine aliegemea ukuta, akavua kiatu kimoja, akaukanda mguu wake, akakivaa tena.

"Kesho saa nane," akasema, "majani yakishapimwa. Na sitasimama. Mnitafutie kiti."