Salamu kwa Jirani Mwenye Punda

Magoti yaliponikataa, wanangu walininunulia kigari cha umeme cha magurudumu matatu cha kunifikisha msikitini. Betri zake za zamani zilikuwa nzito na zilichoka upesi. Kila mara kiliniishia chaji kwenye mwinuko, mbele ya baraza la jirani yangu mwenye punda.

"Shekhe, nikuletee punda akuvute?" aliniuliza, na baraza zima likacheka. Mara mbili nilikosa sala ya jamaa. Nilimwomba Mungu subira, akanipa. Nikaitumia kungojea siku yangu.

Fundi wa sola kutoka Mokowe akaja akaniwekea betri za lithiamu, na chaja yake mpya. Alhamdulillahi, kigari kikapanda mwinuko bila kuguna.

Sunna humtaka anayepita amsalimu aliyeketi, na kujibu ni wajibu. Alasiri hiyo nilipanda na kushuka mara saba mbele ya jirani.

"Assalamu alaikum, Bwana!"

Kila mara alikatiza mazungumzo yake akajibu. Mara ya saba akaongeza, "Shekhe, huchoki?"

"Betri hazijachoka, Bwana," nikamwambia, nikageuza kigari kwa mara ya nane.