Kwa Nini Bi Ellen Hakula Kondoo

Siku ile Mzee Walter alipobeba sufuria ya nyama kwa mikono yake miwili akaenda kuimwaga kwenye pipa la taka haijanitoka akilini, mwanangu, na sidhani kama itanitoka. Nilikuwa kijana bado. Nilikuwa nimetoka Tanga juzijuzi tu, nimemfuata mume wangu aliyekuwa akiendesha teksi hapa Alexandria, Virginia, na kazi niliyopata ni hii hii mnayoifanya wengi wenu leo, ya kutunza wazee majumbani mwao. Nyumba yenyewe ilikuwa mji jirani wa Falls Church, ya matofali mekundu, na waliokaa humo ni wawili tu: Mzee Walter, aliyewahi kuwa askari, na mkewe Bi Ellen, aliyekuwa amelazwa na saratani. Mimi nilikuwa wa Bi Ellen. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani asipate vidonda.

Juzi uliniuliza kwa nini hapa nyama ya kondoo inawekwa kwenye kikona kidogo cha friji ya supamaketi, na kwa nini bei yake inamfanya mtu aurudishe mkono. Wengine watakujibu kwa mkato kwamba Wamarekani hawaipendi. Mimi nitakujibu kwa Bi Ellen, kwa sababu yeye ndiye aliyenieleza.

Bi Ellen alizaliwa kwa wafugaji wa kondoo, huko magharibi mwa Virginia kwenye milima. Kwao kondoo alikuwa ada ya mtoto shuleni, alikuwa blanketi, alikuwa chakula cha Jumapili. Kisha ikaja vita kuu ya pili, vijana wakapelekwa ng'ambo, na huko wakalishwa nyama ya kondoo ya makopo. Siyo mwanakondoo laini, mwanangu, bali kondoo mzee, mafuta yameganda, harufu yake inaingia mpaka kwenye nguo. Waliila melini, wakaila matopeni, wakaila huku wenzao wanafukiwa. Waliporudi salama waliwaambia wake zao kwamba nyama hiyo isiingie ndani. Watoto wakakua bila kuijua ladha yake, na mtu hawezi kuwapikia wanawe asichokijua.

Wakati huohuo nguo za nailoni zikatoka, sufu ya kondoo ikakosa wanunuzi. Nyama ya ng'ombe ikajaa kila mahali, na ng'ombe mmoja analisha wengi, wakati kondoo ana nyama kidogo na kazi ya kumchinja na kumkatakata ni ileile. Majirani wa baba yake waliuza mifugo yao mmoja baada ya mwingine. Machinjio ya karibu yakafungwa. Baba yake akawa anawasafirisha wanyama mbali sana, mpaka akachoka, akauza wote, na zizi likageuzwa kuwa banda la kuwekea magari. Siku hizi kondoo wengi mnaowaona madukani wanatoka Australia na New Zealand, wanavuka bahari. Wanaoila nyama hiyo ni wachache, wanaofuga hapa ni wachache zaidi, na gharama yote inawaangukia hao hao.

"Na mimi," Bi Ellen akasema, "niliolewa na mmoja wa wale askari."

Alinisimulia hayo polepole, kwa siku kadhaa, maana pumzi ilikuwa ndogo. Tangu aolewe hakuwahi kupika nyama ya kwao wala kuionja. Hakuna aliyemfunga kamba. Mumewe alisema mara moja tu, naye akatii, na halikuzungumzwa tena.

Ugonjwa ulipomzidi, kila nilichompikia alikirudisha. Supu, viazi vya kuponda, maziwa, vyote. Asubuhi moja akaniambia anatamani bega la mwanakondoo, lililopikwa taratibu na viazi na vitunguu kama alivyopika mama yake. Mzee Walter siku hiyo alikuwa amekwenda kuonana na askari wenzake wa zamani, nao wakikutana hukaa mpaka jioni. Nilipanda basi nikaenda kwenye bucha ya Waislamu kando ya barabara kuu ya Ruti 7, nikanunua, nikarudi mbio. Bi Ellen alinielekeza kutoka kitandani, mlango umeachwa wazi: sasa chumvi, sasa punguza moto, sasa funika. Sauti yake ilikuwa imepata nguvu ambayo sikuwahi kuisikia. Harufu ilipoanza kusambaa nilimkuta amefumba macho, akivuta pumzi kama mtu anayesikiliza kitu.

Nyama ilikuwa inakaribia kuiva Mzee Walter aliporudi. Mmoja wa wenzake alikuwa mgonjwa, kikao kikavunjika. Alisimama mlangoni na koti lake, uso ukambadilika rangi. Hakupiga kelele. Alifungua oveni, akashika sufuria kwa taulo, akatoka nayo nje. Nikamfuata nikimweleza kwamba ni mkewe aliyeomba, kwamba hajala kitu tangu jana. Akaimwaga yote pipani, akarudi, akafungua kila dirisha la nyumba ile, na nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio.

"Nyumbani kwangu, hapana," akaniambia. Kisha akaenda kukaa sebuleni.

Simlaumu kwa kuichukia nyama ile. Alichokiona vitani mimi sijakiona. Lakini mkewe alikuwa anakufa chumba cha pili, na hakwenda hata kumuuliza alitaka nini.

Niliingia kwa Bi Ellen kumwongezea blanketi. Nilitaka kumtuliza, nikamwambia yasimuumize, ni nyama tu. Akanishika mkono, na vidole vyake vilivyokuwa mifupa mitupu vikanibana.

"Usiseme hivyo tena," akaniambia. "Nami nilisema ni nyama tu. Halafu nikasema ni kanisa tu, nikaacha la kwetu nikaenda la kina Walter. Halafu dada yangu alikuwa anacheka kwa sauti, Walter hakupenda, dada akaacha kuja, nikasema ni kelele tu. Sasa niangalie. Binti yangu mwenyewe hajui mimi ni nani."

Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Baada ya mazishi watu walirudi nyumbani, wakaletewa mapande ya nyama ya ng'ombe na mikate. Nilikuwa napita na vikombe nikamsikia Mzee Walter akiwaeleza wageni, kwa mapenzi kabisa, machozi yakimtoka, jinsi yeye na Ellen walivyopatana katika kila jambo. Hata kondoo, akasema, Ellen hakumpenda kamwe, kama yeye. Binti yao akaitikia kwa kichwa.

Nilimfuata yule binti jikoni. Nikamwambia kwamba mama yake alilelewa na nyama hiyo, na kwamba ndicho kitu cha mwisho alichokitamani duniani. Alinitazama kwa upole, akanigusa bega. Akasema ananishukuru kwa kumtunza mama, lakini labda sikumwelewa vizuri, kwa sababu ya Kiingereza changu.

Nilivaa koti langu nikaenda kungoja basi.

Mwanangu, nimesikia kwa mama yako kwamba huko kwako Oxon Hill siku hizi hakupikwi dagaa, mumeo hapendi harufu. Nimesikia pia kwamba watu wa nyumbani wakikupigia unatoka kwenda kuongelea garini, kwa sababu Kiswahili chako kinamsumbua. Mama yako alisema hayo akicheka. Mimi sikucheka.

Sikwambii ugombane na mumeo. Sikwambii umpikie asichokiweza, maana kila mtu ana majeraha yake, na ndoa ni kuachiana nafasi. Ninachokwambia ni kwamba usikinyamazie unachokipenda. Kitaje. Mwambie hiki ni changu, nitakipika siku ambayo hupo, lakini ujue ni changu. Akikataa, mwulize kwa nini, nawe mweleze kwa nini unakitaka, tena mfanye hivyo sasa mkiwa vijana na masikio bado yanasikia. Na wanao waongeleshe Kiswahili hata wakikujibu Kiingereza. Wapikie, waonje, wakunje nyuso wakitaka. Asije mtu kuwasimulia habari zako wakadhani hakuelewa, kama yule binti alivyonidhania mimi.

Mwenyezi Mungu akujaalie nyumba yenye nafasi ya wewe kukaa ukiwa wewe mzimamzima. Akupe mwenzi wa kukusikiliza, na watoto watakaokujua. Amina, mwanangu.