Kalibu ya Mwisho ya Gurnam

Gurnam wa Kings Heath huvaa kilemba cha buluu na majivuno ya saizi hiyohiyo, na vyote viwili vinamkaa vizuri. Alizaliwa Nakuru, akaja Birmingham kijana, na tangu hapo anachonga kalibu: vipande vya chuma ambavyo bamba la fedha hugandamizwa juu yavyo likatoka na picha. Siku hizi kompyuta ndizo zinazochonga. Kompyuta, asema Gurnam, haijawahi kujikata kidole, itakijuaje chuma?

Ndiyo maana Ornella Bressan alimtafuta. Mama huyu wa Kiitaliano ni mchongaji: alianza na mawe ya makaburi, akapanda hadi milango ya shaba ya makanisa, na sasa matajiri wangenunua hata vumbi la aproni yake. Alitaka picha ya fedha ya mama anayemsuka bintiye. Nakala chache tu, kisha kalibu iharibiwe mbele ya macho yake, asije mjanja akaongeza nyingine. Gurnam alichonga unywele mmoja mmoja majira yote ya baridi. Hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na baada yake anastaafu.

Nakala ya mwisho ilipotoka, Ornella alikuwa njiani kutoka uwanja wa ndege.

"Papa Gurnam," akanong'ona Sylvestre, Mkongo anayeendesha mashine, "ile kalibu ya kwanza, yenye ilipasuka, iko bado. Tuharibu ile. Hii weye enda nayo nyumbani. Nani atajua?"

"Wewe unaimba kwaya kanisani, halafu unanifundisha wizi?"

"Kwaya ni Jumapili, Papa. Leo ni Jumanne."

Gurnam alicheka, ila mkono haukutoka juu ya kalibu. Akaifunika kitambaa. Akaifunua. Akaitazama ile iliyopasuka kule rafuni: nywele nene kama kamba za kufungia ng'ombe, kazi ya majaribio. Akiitoa hiyo, Ornella ataondoka akiamini kwamba hivyo ndivyo Gurnam anavyochonga.

Hapo damu ikamchemka. Bora kuizika kalibu nzuri kuliko kusifiwa kwa mbovu.

Ornella alipofika, bosi wa karakana alikuwa ameshashika mashine ya kukatia.

"Weka chini hiyo," Gurnam akasema. "Nipe tindo na nyundo."

Akaikata mwenyewe, kona hadi kona, mstari umenyooka kama reli. Ornella akaupitishia kidole.

"Mkataba unasema iharibiwe," akasema. "Hausemi itupwe. Ni yako, Gurnam."

Mchonga kalibu haandiki jina lake, maana lingechapika kwenye kila fedha. Lakini hii haikuwa ya kuchapa tena. Gurnam akaketi, akachonga jina palepale kwenye uso wa kalibu.

"Papa, herufi hukuzigeuza!" Sylvestre akashtuka. Maisha yote mzee alichonga kinyume, kama kwenye kioo.

"Zinasomeka?"

"Zinasomeka. 'Gurnam'."

"Kwa sauti, bwana. Bosi hajasikia."