Leso za Binti wa Nyumba

Huku ugenini, katika darasa la Kifaransa, tunasoma tamthilia ya zamani ya kuchekesha. Binti wa tajiri anabadilishana nguo na mtumishi wake ili amchunguze mchumba. Mwalimu alitaka tulete nguo za kuigizia, nami nikaleta leso yangu. Nilipoikunjua harufu ya udi ikanipanda, hasira nayo ikanipanda. Wenzangu wanakufa kwa kicheko. Mwalimu ananiuliza kwa nini mimi sicheki.

Kule kisiwani kwetu Chovai dada yangu alikuwa mpishi wa watu. Siku wanawake wa upande wa mposaji walipokuja kumtazama binti wa nyumba, binti alimvika dada leso zake, akamfukiza udi. Yeye akavaa gauni la dada, linanuka papa, ili awasikilize wageni huku akiwamiminia kahawa. Mchezo tu, eti!

Dada akaketi kitandani ameinamisha macho, nami nimesimama mlangoni natazama. Mama yake mposaji akamfunua kichwa, akamshika mikono, akaibusu.

"Mashallah! Mwanangu ndiye huyu."

Binti akashindwa kujizuia. "Mama, huyo si mchu wa kuposwa. Huyo mpishi wetu! Mimi ndiye."

Yule mama akaiachia mikono ya dada. Akaagiza maji, akasukutua mdomo pale pale mbele yake. Chumba kizima kikaangua kicheko. Dada akainua macho, akanitafuta mimi.

Akanikuta nacheka nao.