Debe la Maua ya Plamsi

Mwezi wa Desemba, ukipita soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, upande wa matunda, ipo harufu moja inayonisimamisha hata nikiwa na mzigo kichwani. Si ya embe, kwa kuwa embe hujitangaza toka mbali. Hii ni harufu ya chinichini, tamu yenye ukali kidogo, kama togwa lililoanza kuchachuka. Ni plamsi. Akina mama huzipanga mafungu mafungu juu ya magunia, nyekundu zinazoelekea weusi, zikiwa bado na ule unga mweupe mwembamba juu ya ganda ambao ukishaugusa kwa kidole umeuharibu. Mimi hununua fungu moja, nikajitenga kando ya ukuta, nikala bila kuosha. Wanangu hunicheka, wanasema mama akiona plamsi husahau utu uzima. Huwa siwajibu. Lakini ninyi mnaosoma nitawaeleza.

Nilikulia juu kabisa kwenye milima ya Iringa, mahali ambapo mwezi Juni sakitu huganda juu ya majani kama chumvi iliyomwagwa, na watoto hukimbia kwenda kusimama pale ng'ombe alipokuwa amelala ili wapate joto la miguu. Baba yetu alikuwa mtunza bustani kwenye misheni iliyokuwa mwendo wa saa nne kwa miguu. Alirudi nyumbani kila Jumamosi. Jumamosi moja alirudi na kijiti kilichofungwa kwenye gunia bichi, akakibebesha juu ya shina la mpichi uliojiotea nyuma ya jiko, akakizungushia kamba na udongo, akatukataza hata kupumua karibu yake. Kijiti kikashika. Kikawa mti.

"Mti huu unapenda baridi kuliko ninyi mnavyopenda moto," alituambia. "Ukikosa baridi hauoni sababu ya kuzaa."

Shangazi yetu wa Kalenga alipouona naye akataka wake. Baba akampelekea. Ule wa Kalenga ulitoa majani mapana, ukanenepa, ukawa kivuli cha kuku, na ua hata moja haukutoa. Shangazi alilalamika kila Pasaka. "Kalenga mna historia, dada," baba alimjibu, "lakini baridi hamna."

Wetu ulikuwa na tabia ambayo sijawahi kuizoea hadi leo. Kwetu miti haiachi majani. Mwaka mzima ni kijani juu ya kijani. Lakini huu, baridi ikikaza, ulidondosha kila jani ukabaki fimbo tupu, mweusi, umekufa kwa macho ya kila mtu. Ulikaa hivyo hadi udongo ukakauka na upepo wa Agosti ukatujaza vumbi masikioni. Halafu asubuhi moja ya Septemba, bila tone la mvua, bila jani hata moja, tulifungua mlango tukaukuta mweupe toka chini hadi juu. Maua juu ya kuni kavu. Mama aliweka chini alichokuwa ameshika. Alisimama tu, na sisi tukasimama naye, tukiwa na baridi na njaa ya asubuhi, kama watu walioingia kanisani kwa makosa.

Na baada ya maua, wakati wa baba, zilikuja plamsi. Nyingi hata matawi yaliegemezwa kwa miti ya kuchomekea.

Kisha baba akafariki kwa ugonjwa wa kifua, miaka ya sabini ikiwa bado michanga. Mwaka uliofuata mama naye akamfuata kaburini. Nilikuwa darasa la sita. Nilikunja sare yangu, nikaiweka chini ya sanduku, nikabaki na wadogo zangu wawili: Yohana, aliyekuwa na miaka tisa, na Sekela, ambaye alikuwa bado anabebwa. Baba mkubwa, kaka yake baba, aliyeishi ng'ambo ya bonde, aliwaambia wanaukoo tusigawanywe. "Eliza anaweza," alisema. "Mimi nitakuwa napita." Na kweli alikuwa anapita, siku tatu hazikwisha bila kumwona.

Mti ulichanua mwaka ule alioondoka baba, ukachanua tena mwaka mama alipomfuata. Mara zote mbili maua yalidondoka yote, na nyuma yake hakukuwa na tunda hata la ukubwa wa punje ya mtama. Watu wakaanza kunong'ona kisimani. Walisema mti umemlilia mwenyewe. Mpandaji akifa, walisema, kuna mti unaokataa kuzalia mtu mwingine.

Mimi niliamini. Lakini nilikuwa nimemwahidi Sekela. Alikuwa ametimiza miaka minne, na kwake baba alikuwa jina tu, kama jina la mkoa wa mbali. Hakukumbuka sauti yake wala mikono yake. Nilimwambia, "Utakula kitu alichokiotesha kwa mkono wake, halafu utamjua." Nilisema hivyo kumnyamazisha siku moja alipolia, na maneno yale yakanikamata.

Mwishoni mwa Agosti baba mkubwa alikuja na shoka.

Kwetu mti wa matunda usiozaa huulizwa kabla haujakatwa. Mwenye shoka huupiga shinani kwa kisogo cha shoka, akauliza, na mtu wa nyumba ile husimama upande wa pili kuujibia. Wa kujibu nilikuwa mimi, lakini macho yangu yalikuwa kwenye shoka.

"Wewe mti," alisema baba mkubwa, akapiga. "Unazaa au huzai?"

Akangoja jibu.

"Nauliza mara ya pili. Unazaa au huzai?"

"Nazaa!" ikajibu sauti nyembamba kutoka nyuma ya shina. "Ila usinipige, unaniumiza!"

Alikuwa Sekela, amejibanza nyuma ya mti akiwa amefumba macho. Yohana alicheka hadi akakaa chini. Baba mkubwa hakucheka. Alishusha shoka taratibu, akamtoa mtoto pale kwa kumshika mkono, akamweka mbali na mti kama mtu anayemtoa mtoto kando ya moto.

"Mtoto huyu asiujibie mti tena. Umenisikia, Eliza?"

"Nimesikia, baba."

"Mvua ya kwanza ikinyesha nitakuja. Nikiukuta hauna kitu, naung'oa na mizizi yake. Usinililie."

Sikulia. Nilihesabu kwamba vitumba vilikuwa vimeanza kuvimba, na mvua ilikuwa Novemba. Kesho yake alfajiri niliwaachia wadogo zangu ugali wa jana na maharage, nikaondoka kwenda misheni kumtafuta Mzee Kandido, aliyefanya kazi ya bustani pamoja na baba.

Nilimkuta anapogoa. Alikuwa mzee mfupi mwenye mikono iliyojaa makovu ya miiba, na alipenda kuongea na miche kuliko watu.

"Kamwene, Mzee."

"Kamwene, binti. Wa nani wewe? Ngoja, usiseme. Pua hiyo naijua."

Nikamweleza yote: maua yanayodondoka, maneno ya kisimani, shoka. Nikamuuliza kuna dawa gani ya kuunyamazisha mti unaolia. Aliweka mkasi chini.

"Mti haumlilii mtu, binti. Mti ule unataka mwenzake. Kuku jike akikaa peke yake si hutaga? Hutaga vizuri tu. Ayaatamie mayai yale hadi Krismasi, ataangua kitu?"

"Hapana."

"Basi. Plamsi ya kwenu haiwezi kujizalisha. Inataka maua ya plamsi ya aina nyingine, na nyuki wa kuyapeleka huku na huku. Hapa ninayo ile ya njano. Kwani baba yako alikuwa anabeba nini kila Septemba? Hakuwaambia?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Niliiona Jumamosi ile ya kila mwaka: baba akiingia uani, debe begani, matawi yenye maua yakimfunika uso, akisema, "Mama Eliza, maua yako hayo." Na mama akijifanya hajali, akisema yasiingizwe ndani yataleta sisimizi, yatundikwe pale mtini. Na baba anayatundika pale mtini, katikati ya matawi, na kuongeza maji.

"Alisema ni maua ya mama," nilimwambia.

Mzee Kandido alicheka hadi akashika ua wa miiba bila kujua, akajichoma, akaendelea kucheka. "Yule bwana! Saa nne njiani, halafu anapata na sifa kwa mkewe!" Kisha macho yake yakalowa, akageuka kutafuta mkasi ambao ulikuwa mbele yake.

Aliniambia nirudi baada ya wiki mbili, maua ya kwetu yakianza kufunguka. Nilirudi. Alikata matawi yenye vitumba vilivyokuwa nusu wazi, akayasimamisha kwenye debe lenye maji, akanitwisha.

Nimebeba mengi kichwani maishani mwangu: kuni, maji, matofali, mahindi ya watu. Mzigo kama ule sikubeba tena. Jua lilipopanda, maua yakafunguka njiani, juu yangu, na nyuki wakaja. Kwanza mmoja, halafu wachache, halafu sikuweza kujua ni wangapi. Hawakunigusa. Walinifuata tu, nami nilitembea nimenyoosha shingo, maji yakinidondokea mgongoni, huku sauti ile ikinizunguka kichwa. Waliokuwa wakilima kando ya njia waliinuka kunitazama.

"Eliza! Unaolewa leo?" aliita mwanamke mmoja.

"Anaolewa na nyuki huyo!" akadakia mwenzake. "Mahari ni asali!"

Nilisonga mbele. Niliogopa nikicheka maji yatamwagika.

Nilipofika, Yohana alipanda akalitundika debe katikati ya mti wetu, ambao nao ulikuwa umejaa maua meupe bila jani. Tukarudi nyuma, tukakaa chini, watoto watatu mstari mmoja. Nyuki waliingia kwenye debe, wakatoka, wakaingia kwenye mti. Baada ya muda mti mzima ulikuwa unavuma. Sekela alisogea, akaweka kiganja juu ya shina, akageuka na kunong'ona, "Dada, unatetemeka ndani." Nikaweka changu. Sijui kama shina lilitetemeka kweli au ni mikono yetu. Lakini niliogopa vizuri, kama mtu anavyoogopa mbele ya kitu kikubwa ambacho hakina ubaya naye. Yohana, ambaye hakutulia hata kanisani, hakusogea hadi jua likazunguka nyuma ya jiko.

Maua yakadondoka. Siku zile sikuthubutu kuutazama mti kwa karibu. Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, nzito, na kabla udongo haujaacha kunukia baba mkubwa alikuwa uani, shoka mkononi, koti limelowa. Alikwenda moja kwa moja mtini. Mimi nilibaki mlangoni nikimshika Sekela mabega. Alivuta tawi la chini, akalitazama. Akavuta jingine. Kulikuwa na vitu vidogo vya kijani, kama njegere, viwili viwili, vitatu vitatu, kila penye ua la zamani.

Aliegemeza shoka ukutani, akavua kofia, akasimama pale kwenye matone ya mvua yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye majani machanga. Kisha akaenda zake ng'ambo ya bonde, shoka akaliacha.

Plamsi zilipoiva, ya kwanza nilimpa Sekela. Aliing'ata, maji mekundu yakamtiririka hadi kwenye kiwiko, akatafuna kwa makini sana, akaniuliza, "Baba alikuwa mkali hivi?" Nikamwambia, "Kidogo. Endelea, utafika kwenye utamu." Ya pili nilimpelekea baba mkubwa mwenyewe. Aliila ameinama, na nilidhani anaficha aibu ya kushindwa.

Miaka mingi nilisimulia hadithi hii hivyo, kwamba tuliuokoa mti mikononi mwa mtu mgumu. Hata wanangu niliwasimulia hivyo. Kisha baba mkubwa, akiwa mzee, alikuja kwangu Mbeya kutibiwa macho. Tulikuwa jikoni, namenya viazi, nikamtania kuhusu shoka lake.

"Ulikuwa hujui," alisema. "Kwetu mti ukimlilia mwenyewe hauishii kulia. Huita. Ulimwita baba yenu, mwaka haukwisha ukamwita mama yenu. Nikawa nautazama unavyochanua, najiuliza, sasa zamu ya nani? Na yule mdogo ndiye aliyekuwa dhaifu, kila mara kikohozi. Halafu ananijibu kutoka nyuma ya mti!" Alitikisa kichwa. "Siku ile sikulala, mwanangu."

Niliacha kumenya. Nilikumbuka kwamba kila alipopita kwetu, kabla hata ya salamu, alimwita Sekela, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akakaa nacho hapo kidogo. Nilidhani ndiyo namna yake ya kusalimia watoto. Alikuwa anavuka lile bonde, kwenda na kurudi, kila siku ya pili au ya tatu, kuona kama lile paji lina joto.